Mteremko wa Taratibu: Kuwatafutia Watoto Njia ya Baiskeli Chini ya Uluguru

Mtu akisimama katika stesheni ya zamani ya reli mjini Morogoro na kugeuza uso wake kusini, huiona Milima ya Uluguru imesimama mbele yake kama ukuta. Mji wenyewe uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, ambacho minara yake ya mawasiliano huonekana siku isiyo na mawingu, kina zaidi ya meta 2,100. Na Kimhandu, kilicho kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, hupita meta 2,600. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, wahandisi wake hawakujaribu kuipandisha huko. Waliilaza katika tambarare ya kaskazini, kwa kuwa garimoshi haliwezi mlima: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo mno.

Mtembea kwa miguu ana hesabu nyingine. Mkulima anayeshuka na mzigo wa mboga au ndizi kwenda sokoni hufuata njia inayokata moja kwa moja kwenye mgongo wa kilima. Njia hiyo humfaa, kwa sababu mguu wa binadamu hukanyaga, hushika na kusimama katika kila hatua.

Kati ya garimoshi na mguu yuko msafiri wa tatu, naye ndiye anayehusika na makala haya: mtoto wa miaka saba au minane aliye juu ya baiskeli. Mtoto huyo amekwisha kujifunza kuendesha katika uwanja wa shule, na sasa anataka kushuka kilima. Hamu yake ni ya haki. Kushuka humfundisha mizani, humpa ujasiri, na humwonyesha kwa mwili wake mwenyewe mambo ambayo miaka michache baadaye atayakuta katika somo la fizikia. Lakini ni mteremko gani umfaao? Watu wazima wengi hujibu kwa macho tu: "Pale si pakali." Jawabu hilo limewavunja watoto mikono na meno.

Macho hudanganya, na katika Morogoro hudanganya zaidi. Mlima mkubwa ukiwa nyuma yako, kila kilichoko mbele huonekana bapa. Barabara inayoshuka meta 8 katika kila meta 100 huonekana kama uwanja wa mpira ikilinganishwa na ukuta wa Uluguru. Kwa hiyo tuache kukadiria, tupime. Na kabla ya kupima tujiulize swali moja ambalo ndilo shina la jambo hili lote. Swali lenyewe ni "Mtoto atasimama wapi?", wala si "Mtoto atashukia wapi?"

KIMO HUGEUKA KASI

Kitu kikiinuliwa juu, hupata nishati. Kikishuka, nishati hiyo haipotei, hubadilika umbo. Kwa mwendesha baiskeli anayeteremka, kuna mahali panne tu inapoweza kwenda: katika kasi, katika upepo anaousukuma, katika msuguano wa tairi na ardhi, au katika breki.

Tuchukue mtoto mwenye kilo 28 na baiskeli yake ya kilo 12, jumla kilo 40. Tukikadiria kwamba mvutano wa dunia ni nyutoni 10 kwa kila kilo, uzito wao ni nyutoni 400. Wakishuka meta 1 ya kimo, wanapata juli 400. Kama nishati hiyo yote ingekuwa kasi, wangekwenda meta 4.5 kwa sekunde, yaani kilometa 16 kwa saa. Wakishuka meta 5, kimo ambacho mtoto hukikwea mwembeni bila kufikiri, kasi ingefika meta 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari mjini.

Sasa tufikirie kwamba mtoto huyo anashuka meta 100 za kimo huku breki ikizuia kasi isiongezeke. Juli 40,000 zinatoka mlimani, na sehemu kubwa itaingia katika breki na rimu kama joto. Joto la juli 40,000 latosha kuchemsha kikombe kidogo cha maji, gramu 120 hivi, kutoka nyuzi 20 hadi 100. Kutoka kilele cha Bondwa mpaka mjini, kimo cha kiasi cha meta 1,600, joto hilo lingechemsha karibu lita 2.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1976, katika vilima vya Marin County, California, nchini Marekani, kikundi cha vijana kilianza kushindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Kila walipofika chini, grisi ndani ya habu ya gurudumu ilikuwa imeungua na kutoka kama moshi, nao wakalazimika kufungua habu na kupakia grisi mpya. Kutokana na kazi hiyo njia yao ikaitwa Repack, yaani kupakia upya. Katika mashindano hayo ndimo baiskeli ya milimani ya siku hizi ilipoanza kupata umbo lake. Waanzilishi wake walikuwa watu wazima wenye nguvu, na breki zao ziliungua. Je, mkono wa mtoto wa darasa la kwanza utafanya nini?

HESABU YA MTOTO MMOJA

Mwinamo wa njia hupatikana kwa kugawanya kimo kinachoshuka kwa umbali wa ulalo, kisha kuzidisha kwa 100. Njia inayoshuka meta 3 katika meta 100 ina mwinamo wa asilimia 3. Katika minamo midogo, kani inayomvuta mtoto kuelekea chini ni uzito ukizidishwa kwa mwinamo. Kwa mtoto wetu wa nyutoni 400, asilimia 3 ni nyutoni 12.

Kani hiyo hupingwa na mambo mawili. La kwanza ni ukinzani wa tairi juu ya ardhi. Katika barabara ya udongo ulioshindiliwa tunaweza kukadiria kuwa ni sehemu moja ya hamsini ya uzito, yaani nyutoni 8. La pili ni upepo, ambao huongezeka kwa mraba wa kasi: kwa mtoto aliyeketi wima, takriban nyutoni 0.22 mara kasi mara kasi, ikiwa kasi imepimwa kwa meta kwa sekunde. Asiposhika breki kabisa, kasi yake itazidi kupanda mpaka upepo na ardhi vilingane na mvuto wa mteremko. Hapo atakuwa amefikia kasi ya mwisho.

Umbali wa kusimama nao una sehemu mbili: sekunde moja ya mshtuko kabla mkono haujashika breki, kisha umbali wa breki yenyewe. Tukadirie kwamba katika tambarare breki yake hupunguza kasi kwa meta 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Hiyo ni breki ya wastani ya gurudumu la nyuma juu ya vumbi. Katika mteremko, mvutano wa dunia hushindana na breki hiyo. Matokeo ni haya:

Mwinamo wa asilimia 3: kasi ya mwisho ni kilometa 15 kwa saa, husimama katika meta 10 hivi.
Mwinamo wa asilimia 5: kasi ya mwisho ni kilometa 27 kwa saa, husimama katika meta 26.
Mwinamo wa asilimia 10: kasi ya mwisho ni kilometa 43 kwa saa, husimama katika meta 85.
Mwinamo wa asilimia 20: kasi ya mwisho ni kilometa 65 kwa saa, hasimami.

Mwanafunzi asisome mstari wa mwisho haraka haraka. Katika mwinamo wa asilimia 20, mvutano wa dunia humwongezea mtoto kasi ya meta 2 kwa sekunde katika kila sekunde, na breki yake humpunguzia kiasi hicho hicho. Vinafutana. Akiwa amekwisha kushika kasi, atakaza breki kwa nguvu zake zote na ataendelea kwenda. Hakuna ushauri wala ujasiri utakaomsaidia, kwa maana kosa lilifanyika wakati njia ilipochaguliwa.

Tutazame pia mstari wa kwanza. Kilometa 15 kwa saa ni kasi ambayo mtu mzima mwenye afya anaweza kukimbia sambamba na mtoto kwa umbali mfupi. Hicho ni kipimo kizuri kwa mwalimu au mzazi: njia inayomfaa anayeanza ni ile ambayo mkubwa anaweza kumfikia mtoto hata breki ikikatika. Kwa hiyo tutafute mwinamo wa asilimia 2 hadi 3 kwa anayeanza, na tusipite 5 kwa aliyekwisha kuzoea. Chini ya asilimia 2 katika udongo, baiskeli haitelezi yenyewe na mtoto atalazimika kukanyaga pedali.

Hesabu hizi ni za udongo ulioshindiliwa. Katika lami ukinzani wa tairi hupungua. Ukichukuliwa kuwa sehemu moja ya mia, mwinamo ule ule wa asilimia 3 hutoa kilometa 22 kwa saa. Ndiyo maana njia ya udongo mara nyingi humfaa mtoto kuliko barabara nzuri.

MLIMA HUPANGA MITEREMKO YAKE

Tukipima kutoka Bondwa hadi katikati ya mji, kimo cha meta 1,600 kinashuka katika umbali wa kilometa 10 hivi kwa mstari ulionyooka. Wastani ni asilimia 16. Kama mteremko huo ungekuwa sawasawa kutoka juu hadi chini, Morogoro isingekuwa na mahali pa mtoto mwenye baiskeli. Lakini milima haishuki sawasawa, na sababu yake ni maji.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu za miamba ya kale zilizoinuliwa kwa kukatika na kusogea kwa ardhi. Upande wake wa mashariki, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi sana. Pako mahali panapopata zaidi ya milimeta 2,500 kwa mwaka. Maji hayo hukata miamba na kuchukua mawe, mchanga na udongo. Juu, ambako mto ni mwembamba na wenye kasi, bonde huwa la mwinamo mkali. Mto ufikapo chini kasi yake hupungua, na mzigo wake huanza kutua kwa mpango: kwanza mawe makubwa, kisha changarawe, kisha mchanga, na mwisho udongo laini. Kwa hiyo ukichora mchoro wa mto kutoka chanzo hadi tambarare hupati mstari ulionyooka. Utapata mchirizi uliobonyea, mkali juu na uliolala chini, mfano wa kamba iliyolegezwa.

Mto Morogoro na kijito cha Kikundi vimefanya kazi hiyo kwa muda mrefu sana. Vinatoka mlimani, vinapita mjini na kuelekea Mto Ngerengere. Mji umejengwa juu ya udongo na mchanga ambao mito ya namna hiyo imeutandaza. Kwa hiyo mlima wenyewe unatuonyesha pa kutafuta: tuache mabonde ya juu na migongo ya vilima, twende kwenye miguu ya mlima na mbali kidogo nayo, upande wa tambarare za Ngerengere, kama vile Kihonda na Mazimbu, na katika barabara za udongo za mashamba ya mkonge, ambako magari ni machache. Huko minamo ya asilimia 2 hadi 5 ni jambo la kawaida.

Hatusemi kwamba njia fulani huko ni salama. Mahali pa kutafuta ni kitu kimoja. Njia iliyopimwa ni kitu kingine. Tena barabara za shamba au za chuo zina mwenyewe, naye lazima aombwe ruhusa.

Na misitu ya juu je? Tangu mwaka 2008 misitu hiyo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na aingiaye hufuata taratibu za wahifadhi. Lakini hata bila sheria, fizikia ingetosha kutukataza. Gurudumu likipita mara nyingi juu ya mteremko mkali huchimba mfereji mwembamba. Mvua ikija maji hufuata mfereji huo, nao hugeuka korongo. Wakulima wa Uluguru waufahamu udongo wao vizuri, na wanalijua jambo hilo bila kufundishwa. Mwaka 1955 walipinga kwa nguvu amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi. Mmomonyoko waliujua, walichokataa ni kulazimishwa kufanya kazi ngumu kwa njia ambayo katika mashamba mengi iliufukia udongo wenye rutuba na kuacha ule usiozaa.

KUSOMA RAMANI KABLA YA KWENDA

Hatua ya kwanza ya kutafuta njia hufanyika darasani, juu ya ramani yenye kipimo cha 1:50,000. Katika ramani hiyo sentimeta 1 ni meta 500 za ardhi. Mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja. Soma kwanza pembeni mwa ramani ili ujue tofauti ya kimo kati ya kontua na kontua, kwa maana ramani nyingine za zamani hutumia futi. Tofauti ikiwa ni meta 20, shika kanuni hii:

Kontua zikiachana milimeta 2, mwinamo ni asilimia 20.
Zikiachana milimeta 4, ni asilimia 10.
Zikiachana milimeta 8, ni asilimia 5.
Zikiachana milimeta 13, ni asilimia 3.

Kwa hiyo mwanafunzi achukue kipande cha karatasi, atie alama mbili zilizoachana milimeta 13, na akitembeze juu ya ramani kufuata barabara ndogo. Popote kontua zinapokaribiana kuliko alama zake, njia hiyo haimfai anayeanza. Kazi ya dakika ishirini itawaepusha na matembezi ya siku nzima.

Siku hizi simu ya mkononi pia huonyesha kimo. Takwimu za vimo zilizomo katika programu nyingi za ramani zinatokana na vipimo vilivyopigwa kutoka angani, kama vile vile vya chombo cha Endeavour mwezi Februari mwaka 2000. Vipimo hivyo ni hazina kubwa, lakini huweza kukosea kwa meta kadhaa. Katika njia ya meta 100 inayopaswa kushuka meta 3, kosa la meta kadhaa ni kubwa kuliko kitu chenyewe kinachopimwa. Ramani na simu hutuambia twende wapi. Hazitoshi kutuambia tumwachie mtoto ashuke.

KUPIMA KWA MPIRA WA MAJI

Wanafunzi wengi wamefundishwa kupima mteremko kwa kipimapembe, uzi na jiwe. Chombo hicho ni kizuri kwa kupima kimo cha mti au cha mlima, lakini hapa hakifai. Mwinamo wa asilimia 3 ni pembe ya nyuzi 1.7 tu, na mkono unaotetemeka huweza kukosea kwa nyuzi 1 nzima. Tunahitaji chombo cha fundi mwashi: mpira mwembamba wa plastiki unaopenyeza mwanga, uliojazwa maji. Maji yaliyotulia katika mpira mmoja husimama usawa mmoja katika ncha zote mbili, hata kama ziko mbali.

Vifaa vinavyotakiwa ni mpira wa meta 14 hivi, fito mbili za meta 2 zilizotiwa alama za sentimeta kuanzia chini, kamba ya meta 10, na daftari.

Fungeni kila ncha ya mpira kwenye ufito mmoja, kisha mtie maji mpaka yafike katikati ya fito. Hakikisheni hakuna mapovu ya hewa ndani, kwa kuwa povu moja huharibu kipimo. Mwanafunzi wa kwanza asimame mwanzo wa njia, wa pili meta 10 mbele, kamba ikiwa imenyooka kati yao. Maji yakitulia, kila mmoja asome namba yake. Ufito ulio chini utaonyesha namba kubwa zaidi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kimo kilichoshuka. Ikiwa ni sentimeta 30 katika meta 10, mwinamo ni asilimia 3. Sogeeni meta 10 nyingine, mrudie.

Vipimo ishirini vitawapa njia ya meta 200. Vijumlisheni ili mpate wastani, lakini msiuamini wastani peke yake. Njia inayoshuka meta 6 katika meta 200 ina wastani wa asilimia 3. Lakini huenda meta 180 za kwanza ni bapa, na meta 6 zote zinashuka katika meta 20 za mwisho. Huo ni mwinamo wa asilimia 30, na mtoto atakutana nao akiwa amejisahau. Kwa hiyo kila njia iandikwe kwa namba mbili: wastani wake, na kipande chake kilicho kikali kuliko vyote. Namba ya pili ndiyo yenye amri.

ANZENI MWISHO WA NJIA

Mpimaji hodari huanza chini. Kwanza hutafuta mahali pa kusimamia: meta 30 au zaidi za ardhi bapa au inayopanda kidogo, pasipo barabara ya magari, mto, mtaro wala ukuta. Akiisha kupapata ndipo hugeuka nyuma na kutafuta mteremko unaoishia hapo. Mteremko mzuri unaoishia penye barabara kuu ni mteremko mbaya. Njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Morogoro, na malori yake hayatamwona mtoto anayetokeza ghafla kutoka katika majani.

Kisha atazame kona. Mtoto anayekwenda kilometa 15 kwa saa juu ya vumbi anahitaji kona yenye nusu kipenyo cha meta 9 ili asiteleze. Akienda kilometa 27 anahitaji meta 27. Kona iwekwe mahali penye mwinamo mdogo, na changarawe zifagiliwe.

Mwisho atazame majira. Njia iliyopimwa mwezi Februari si ile ile mwezi Mei. Masika huchimba mifereji, huacha mchanga mwingi mahali pa chini, na mchanga huo hulikamata gurudumu la mbele na kumrusha mtoto. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hupoteza msuguano, na breki iliyosimamisha katika meta 10 haisimamishi tena. Kwa hiyo kila baada ya masika na vuli njia itembelewe kwa miguu kabla ya kuendeshwa.

MKONO WA MTOTO NA BAISKELI YAKE

Njia njema haitoshi ikiwa baiskeli ni mbovu. Watoto wengi huendesha baiskeli za wakubwa, kama vile Phoenix, wakipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kitini hawafiki. Uzito wake ni mkubwa, na mpini wa breki uko mbali na vidole. Baiskeli hiyo haifai kwa kushuka. Katika uwanja bapa mfanyieni mtoto jaribio hili: asukume baiskeli yake kwa mguu huku ameshika mpini wa breki ya nyuma. Ikiwa gurudumu la nyuma halikai imara, breki ikazwe au mpira wake ubadilishwe, na jaribio lirudiwe. Kukanyaga tairi kwa kandambili, kama wafanyavyo baadhi ya wabeba mizigo, si breki.

Kwa mtoto ambaye hajawahi kabisa kushuka, iko njia ya zamani iliyo bora. Mwaka 1817 Karl von Drais, Mjerumani wa mji wa Mannheim, alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali. Mpandaji alikisukuma kwa miguu yake. Tunaweza kumtengenezea mtoto chombo kama hicho kwa kufungua pedali na kushusha kiti mpaka nyayo zake zikanyage ardhi. Fundi akumbuke kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na ile ya kulia. Katika mwinamo wa asilimia 2 mtoto atateleza taratibu huku miguu ikiwa tayari kugusa chini, na mizani itakuja yenyewe. Pedali zirudishwe baadaye, na mafunzo ya breki yafuate. Mwinamo wa asilimia 3 uje mwisho. Kofia ngumu na viatu vilivyofungwa ni lazima tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Shule yoyote iliyo karibu na kilima yaweza kufanya kazi hii kwa mpira wa maji, fito mbili na ramani moja. Wanafunzi wa kidato cha pili wakipima njia moja na kubandika namba zake mbili kwenye ubao wa shule ya msingi iliyo jirani, wadogo zao watapata mahali pa kuteremkia, nao wenyewe watakuwa wametumia fizikia, jiografia na hesabu kwa jambo ambalo mtu fulani analihitaji. Mtoto anayeshuka njia hiyo hatajua lolote kuhusu nyutoni wala kontua. Atajua tu kwamba alishuka, akasimama, na anataka kurudia.

MASWALI YA DARASANI

1. Katika ramani ya 1:50,000 yenye kontua za kila meta 20, kontua mbili zimeachana milimeta 5. Tafuta mwinamo. Je, njia hiyo yamfaa mtoto anayeanza?

2. Rudia hesabu ya kasi ya mwisho katika mwinamo wa asilimia 3 kwa mtoto na baiskeli vyenye jumla ya kilo 50. Eleza kwa nini mzito hushuka kwa kasi zaidi, ilhali vitu vyote huanguka sawasawa pasipo na hewa.

3. Mvua imenyesha, na breki sasa hupunguza kasi kwa meta 1 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Ni mwinamo gani ambao mtoto hawezi tena kusimama?

4. Pimeni njia moja ya meta 100 karibu na shule yenu kwa mpira wa maji, kisha kwa simu ya mkononi. Linganisheni matokeo na mweleze tofauti yake.